Kosa la Kuanika Katika Ngonjera za Bangi

Mwezi wa Juni uliopita mjukuu wangu, ambaye yuko Darasa la Sita katika shule moja ya hapa Singida mjini, aliniletea karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono wa mwalimu wake. "Shikamoo babu. Mwalimu amesema unitazamie vina na mizani." Ilikuwa ngonjera ya kupinga dawa za kulevya, ya kughaniwa tarehe 26 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1987 kuwa siku ya dunia ya kupiga vita dawa hizo. Nilivaa miwani yangu, nikamwomba maji ya kunywa, nikaanza kusoma.

Vina vilikuwa vizuri. Mizani ilipwaya mahali pawili tatu, jambo ambalo si la ajabu kwa kazi iliyofanywa na mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki. Wahusika walikuwa wawili, Mwema na Mvutaji. Katika ubeti wa tatu Mvutaji anajigamba kwamba ameanika bangi yake juu ya paa, jua la saa sita linaichoma, na jioni itakuwa tayari. Hapo nikasimama, nikaiweka kalamu chini. Lilikuwa kosa lilelile. Nililiandika mimi mwenyewe mwaka 1996, na tangu hapo nimelisikia katika viwanja vya shule, katika mapokezi ya Mwenge na katika sherehe za kufunga shule mara nyingi kiasi kwamba nimekwisha kulizoea kama mtu anavyozoea ufa katika ukuta wa nyumba yake.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza kama ni jambo la kumshughulisha mzee wa miaka sabini na kitu, kwamba bangi ya kwenye shairi imeanikwa juani au kivulini. Bangi si ni bangi tu? Naomba anivumilie. Nimesahihisha ngonjera nyingi kuliko mitihani, na katika kitabu hiki nimejipa ruhusa ya kusema yale ambayo mwalimu mkuu aliye kazini hawezi kuyasema.

Kwanza nianze na kuanika kwenyewe, maana sisi watu wa Singida ni watu wa kuanika. Mvua yetu huja mara moja, ikianza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka mwaka ugeuke. Chakula chetu kimepona kwa sababu bibi zetu walijua kukausha. Nyumba ya tembe, yenye paa bapa la udongo, ilikuwa nyumba kwa chini na uwanja wa kuanikia kwa juu. Nilipokuwa mtoto paa la nyumba yetu lilikuwa na mtama upande mmoja, uwele upande mwingine, na sisi watoto tulikaa juu tukifukuza kuku na ndege kwa fimbo. Baadaye ikaja alizeti, ambayo siku hizi ndiyo fahari ya mkoa.

Lakini si kila kitu kilipanda juu ya paa. Chukua kitunguu, ambacho wafanyabiashara wa Dar es Salaam na hata wa nchi jirani hukifuata mpaka hapa kwetu. Kitunguu kikishang'olewa hulazwa shambani kwa namna ambayo majani ya kimoja yanakifunika kingine, jua lisikiunguze, halafu huhamishiwa kivulini penye upepo mpaka shingo yake ikauke. Ndipo hukatwa majani, na mkataji huacha shingo kidogo, kiasi cha upana wa kidole au viwili. Ukikata shingo ikiwa bado mbichi, uozo huingia kupitia kidonda kile, na gunia zima huoza kabla lori halijafika Dodoma. Mama wa Singida akikukuta umemwaga vitunguu juani mchana kutwa atakuuliza umelogwa na nani.

Chukua pia tumbaku. Huko Manyoni, upande wa Itigi, hulimwa tumbaku ya mvuke kama ile ya Tabora. Jani lake hutundikwa ndani ya bani, na moto huongezwa kidogo kidogo kwa muda wa karibu wiki nzima: kwanza jani ligeuke manjano, kisha bapa lake likauke, mwisho ukauke mshipa wa katikati. Mkulima hulala palepale bandani akilinda joto kama mtu anayeuguza. Akipitiwa usingizi moto ukazidi, tumbaku yake hushuka daraja sokoni na mwaka wake umekwenda na maji. Na yale majani machache ya tumbaku ya ugoro ambayo babu alipanda nyuma ya zizi, hayakuona jua tangu yalipokatwa. Yalining'inia chini ya upenu hadi yakawa na rangi ya ngozi ya kiatu.

Basi mtu aliyekulia chini ya mapaa haya anajua, hata kama hakufundishwa shuleni, kwamba nafaka hutaka jua, na kwamba kitu kinachothaminiwa kwa harufu yake na utomvu wake hukimbizwa jua. Ajabu ni kwamba mtu huyuhuyu akishika kalamu kuandika ngonjera juu ya bangi, elimu yote hii humtoka. Anaandika kama mgeni aliyeshuka kwenye treni jana.

Ukweli ni huu. Mbangi ukishakatwa huondolewa juani, na siyo kwa sababu ya polisi peke yake. Jua huifubaza rangi na kuila harufu, na pakiwa pamefungwa mno bila hewa huota ukungu. Kwa hiyo hutundikwa kivulini, polepole, kwa siku nyingi. Kabla au baada ya hapo huchambuliwa. Majani makubwa huondolewa, kwa maana nguvu yake haiko huko. Iko katika vichwa vya maua ya mmea jike, penye utomvu unaonata mikononi na usiotoka kwa maji matupu. Hata mkataba wa dunia juu ya dawa za kulevya, ule wa mwaka 1961, unapoeleza maana ya bangi unataja vichwa vyenye maua au matunda, na kuyaacha nje majani na mbegu yakiwa peke yake. Wanasheria wa Umoja wa Mataifa, watu wa tai na makabati, walichambua kwa makini kuliko sisi washairi. Ngonjera zetu zote husema "majani, majani". Mimi sijavuta bangi hata siku moja, na haya niliyajua nikiwa mtu mzima. Aliyenifundisha ya kwanza alikuwa mtoto wa Darasa la Sita, nami nitafika kwake.

Naomba kwanza nieleze ngonjera ni kitu gani, kwa ajili ya vijana ambao wanaijua kwa kusimama mstarini tu. Tunayemhesabu kuwa baba yake ni jirani yetu, marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi waende wakalieleze kwa wananchi, na washairi wakaitikia kupitia chama chao cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Ngonjera za Mnyampala zilitoka vitabuni mwenyewe akiwa amekwisha kuzikwa. Mimi nilikutana nazo nikiwa mwanachuo wa ualimu pale Kinampanda mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulizighani jioni baada ya kazi za shamba, na sijui kama kuna kitu kilichonifanya mwalimu kuliko zile jioni.

Umbo la ngonjera ni mabishano. Mmoja hajui au hataki, mwingine anajua. Wanajibizana, na mwishowe yule asiyetaka anakubali. Sasa mabishano yana sharti moja, nalo ni kwamba yule atakayeshindwa lazima awe na neno la kusema. Mtu asiye na hoja akishindwa, hakuna aliyeshinda. Msikilizaji aliyekuja na shaka yake moyoni, akimsikia mwenye shaka katika ngonjera anasema upuuzi, hurudi nyumbani na shaka yake ikiwa nzima.

Nilihesabu katika ile ya mjukuu wangu. Mwema amepewa beti tisa, Mvutaji amepewa beti tatu. Katika ya kwanza anasema yeye ni mwendawazimu. Katika ya pili, ile ya kuanika, anajisifu. Katika ya tatu analia na kutubu. Hakuna anayemwuliza bangi aliipata wapi, nani aliipanda, nani aliichambua mpaka vidole vikawa vyeusi, na fedha ilikwenda kununua nini. Mche unatoka ardhini na mara moja unakuwa moshi. Kazi yote ya katikati imefutwa, na pamoja na kazi wamefutwa watu waliofanya kazi. Mkulima hayumo. Miaka ya karibuni tumeona magazetini picha za Kisimiri Juu kule Arumeru, maofisa wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wakifyeka mashamba na kuchoma magunia ya bangi kavu. Mtu yeyote aliyewahi kuchambua pamba au kupukuchua mahindi akiyatazama magunia yale anajua kuna mikono ya nyumba nzima pale ndani, ya akina mama na watoto. Ngonjera haijui.

Sasa nije kwenye ya kwangu.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya kijijini katika Wilaya ya Iramba, wakati ambapo Mkalama ilikuwa bado sehemu ya Iramba. Mwaka uliotangulia Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuzuia biashara haramu ya dawa za kulevya, na shule nasi tukatakiwa tuandae kitu kwa ajili ya 26 Juni. Niliitunga ngonjera yangu kwa usiku mbili, kwa koroboi. Ubeti wa Mvutaji ulikuwa huu, nao nauandika hapa pamoja na aibu yake:

Jua kali naanika, majani yangu ya bangi,
Yakauke kwa haraka, nipate fedha kwa wingi,
Akili zikiniruka, nawaona watu wengi,
Bangi imenipumbaza, sina mbele sina nyuma.

Nilijiona Mnyampala mdogo. Sehemu ya Mvutaji nilimpa mvulana mmoja mwenye sauti nzuri kuliko wote. Jina lake halihitajiki, nitamwita hivyohivyo Mvutaji. Alikuwa akiishi na bibi yake mzaa baba, ng'ambo ya korongo, katika nyumba ya tembe ya mwisho kabla ya mbuga. Tulifanya mazoezi chini ya mwarobaini. Siku ya pili akanyoosha kidole.

"Mwalimu, samahani."

"Sema."

"Haianikwi juani, mwalimu. Inaungua. Inaanikwa kivulini."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, alikuwa mtoto wa kusahihisha mambo, kama nilivyokuwa mimi. Akaongeza: "Tena si haraka, ni taratibu. Na majani yanachambuliwa, yanatupwa. Ni vichwa."

Hapa ndipo msomaji aone jinsi ushairi unavyoweza kumpofusha mtu. Mwalimu mkuu mwenye akili zake angelisikia neno la mtoto na kuuliza kimoyomoyo limetoka wapi. Mimi nilisikia mizani. "Jua kali" ni mizani nne, "kivulini" ni mizani nne. "Yakauke kwa haraka" nikaweka "taratibu yakauka", na kina cha ka kikabaki palepale. Nilifurahi! Nikamwambia, "Umeniokoa, kijana." Vichwa tu ndivyo nilivyovikataa, kwa maana "vichwa vyangu vya bangi" ni mizani saba na mimi nilitaka nane.

Siku ilipofika tulikwenda makao makuu ya kata. Shule nne zilighani. Zetu tatu za jirani zilipigiwa makofi ya heshima. Mvutaji wangu aliposimama akaanza, "Kivulini naanika," kikatoka kicheko kule nyuma walikokaa wazee, na hakikuwa kicheko cha watu wanaomcheka mlevi. Kilikuwa kicheko cha watu waliotambua kitu. Tangu nianze kazi sikuwahi kusikia ngonjera ya shule ikipokewa hivyo. Tulipewa mpira mmoja na boksi mbili za chaki. Kisha mmoja wa wageni waliokaa meza kuu, ambaye sitasema alikuwa wa idara gani, akamwita mtoto, akamwekea mkono begani.

"Umeghani vizuri sana. Nani amekufundisha kwamba inaanikwa kivulini?"

Mtoto akanitazama. Mimi nilikuwa nikitabasamu, na mpira nimeukumbatia.

"Nilimwona bibi," akasema.

Siku ya nne walikwenda, mgambo wawili na askari mmoja kwa baiskeli. Mashina yaliyokatwa waliyakuta nyuma ya jiko, katikati ya mabua ya mtama, machache tu. Vilivyokauka waliviona vimetundikwa chini ya dari ya jikoni, mbali na moto. Walipita na kiroba mbele ya shule wakati wa mapumziko, bibi yule akitembea nyuma yao bila kufungwa, kwa sababu umri wake haukuhitaji pingu. Upepo ukaleta harufu. Nami nikaitambua.

Nitaeleza niliitambua kwa sababu gani. Mwezi wa Februari mwaka huohuo nilikuwa nimewarudisha nyumbani watoto ambao hawajalipa michango. Hizo ni enzi za kabla ya MMEM ya mwaka 2002, na shule ilikuwa haiendi bila michango ile. Hata chaki tulinunua kwayo. Mvutaji alirudi Jumatatu iliyofuata na noti zilizofungwa kwenye pindo la kitambaa. Zilikuwa na harufu nzito ya majani makavu, nikadhani ni ya jikoni kwao. Nikazihesabu, nikamwandikia stakabadhi, nikamwambia akae darasani. Ile ngonjera yangu inasema Mvutaji anaanika bangi "nipate fedha kwa wingi". Fedha zenyewe nilizipokea mimi, wala hazikuwa nyingi.

Bibi alikaa rumande na baadaye kifungoni kwa miezi, akarudi amekonda. Sijui kama mtoto alimweleza yaliyotokea uwanjani, au kama aliyasikia kwa watu. Mtoto hakurudi shuleni. Kwanza alionekana akichunga ng'ombe wa watu, halafu ikasemekana yuko Mererani machimboni. Mwisho wa muhula nilifungua daftari la mahudhurio, na mbele ya jina lake nikaandika kwa wino mwekundu neno ambalo kanuni zinataka liandikwe: mtoro. Mwandiko ule ni wangu.

Niliisoma upya ngonjera yangu mara nyingi baada ya hapo, kama mhakiki anavyotakiwa kusoma. Ina mishororo arobaini na minane. Katika hiyo yote, ya kweli ni miwili, na yote miwili si yangu. Na mtu pekee aliyelipia ngonjera ile ndiye aliyetia ukweli ndani yake. Kama ningeiacha bangi yangu juani, kwa ujinga wangu, wazee wasingecheka, mgeni asingeuliza, na mtoto angemaliza Darasa la Saba.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, nilipomsomea makala hii alinijia juu. "Kwa hiyo unataka tuwafundishe watoto jinsi ya kukausha bangi kwa vina?" La hasha. Ngonjera haina lazima ya kuingia jikoni kwa mtu. Inaweza kubaki kwenye ugonjwa, kwenye ugomvi, kwenye kijana aliyepotelewa na akili, na hayo mimi nimeyaona kwa macho yangu na sina utani nayo. Ninachosema ni kwamba ikiingia jikoni isiseme uongo. Katika uwanja wowote wa shule kuna watoto wawili au watatu ambao nyumbani kwao wanaijua kazi hiyo. Hao ndio ngonjera ingetaka kuwafikia kuliko wengine. Nao ndio wa kwanza kuona kwamba mwandishi hajui anachokisema. Mtoto akikukuta umekosea mahali anapopajua, kwa nini akuamini pale unapomwambia habari za mapafu na ubongo, ambazo hana njia ya kuzithibitisha?

Rafiki yangu akasema tena kwamba huko duniani mambo yanabadilika na ngonjera zote zitapitwa na wakati. Ni kweli kwamba Lesotho ilianza kutoa leseni za kulima bangi ya dawa mwaka 2017, Malawi ikafuata kwa sheria yake ya mwaka 2020, na mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, tume ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi katika orodha ya dawa kali kuliko zote ya ule mkataba wa 1961. Huko sasa inakaushwa katika nyumba zenye vipima joto, na wachambuaji wamevaa glavu. Hapa kwetu haijabadilika. Sheria ya mwaka 2015 imekaza kuliko ile ya 1995, na hukumu za miaka 30 jela kwa mkulima tumezisoma magazetini zaidi ya mara moja. Mimi si mwanasheria na sitaki kubishana na sheria. Nataka kubishana na ubeti.

Maana kuna jambo jingine linaloniudhi kama msomaji. Kwa miaka yote niliyofundisha Jiografia, tumbaku ilikuwa katika orodha ya mazao ya biashara pamoja na pamba, kahawa, mkonge, chai na korosho. Nilichora bani ubaoni. Watoto walinakili hatua za ukaushaji, na aliyekosea nilimkata alama. Sikuwahi kusikia ngonjera ikimwita mkulima wa tumbaku shetani, ingawa miti iliyoingia katika mabani ya Tabora na vifua vilivyoharibika kwa sigara tunavijua sote. Mkulima wa tumbaku katika ushairi wetu ni mtu mwenye jembe, jasho na familia. Yule wa bangi hana hata kivuli cha kuanikia. Sisemi mazao hayo mawili ni sawa mbele ya hakimu. Lakini mshairi si hakimu, na kama hawezi kumwona bibi kizee akichambua vichwa kwa vidole vyenye utomvu ili mjukuu wake apate stakabadhi ya shule, basi sijui anatazama nini.

Ningependa kuona ngonjera moja tu ambayo ndani yake Mwema ni mwalimu mkuu aliyemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya michango, na anayemjibu ni bibi. Beti sita kwa sita. Nimejaribu kuitunga mwenyewe mara mbili. Bibi kila mara ananishinda ifikapo ubeti wa nne, na ngonjera haiwezi kuishia hapo.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka akisubiri, akimenya karanga. Akaniona nimetulia muda mrefu.

"Babu, kuna kosa?"

"Yapo ya mizani."

"Na hapa ulipoweka kalamu?"

Nikamwuliza kama mwalimu wao, au yeyote, amewahi kuwaeleza namna mmea huo unavyokaushwa. Akasema hapana, wao wanajua ni juu ya paa tu, kama alizeti. Akaniuliza, "Kwani inaanikwa wapi?"

Nilikuwa nimekwisha kuandika nusu ya makala hii wakati huo, pamoja na yale maneno makali juu ya washairi wasemao uongo. Nikasahihisha mizani katika ubeti wa pili, wa saba na wa tisa, nikairekebisha na tahajia ya neno moja. Ule wa tatu nikauacha kama ulivyo, jua na paa lake, nikamrudishia karatasi zake akaghani.